Ndakasi tulimlilia, miti je?

Septemba 2021, gorila Ndakasi alipokufa kule Rumangabo, kwenye makao ya Hifadhi ya Virunga, mikononi mwa André Bauma aliyemlea, wengi wetu hapa Goma, mashariki mwa Kongo, tuliumia kwelikweli. Tulijua habari zake tangu mwaka 2007, alipookotwa akiwa kitoto cha gorila kimeng'ang'ania maiti ya mama yake. Picha yake ilizunguka kwenye simu, nami niliitazama mpaka usiku. Chakula cha usiku ule, nyumbani kwetu, kilipikwa kwa makala, yaani makaa ya miti.

Jambo hilo halijanitoka. Mwaka uleule wa 2007 gorila kadhaa waliuawa ndani ya Virunga, na mauaji yao yakahusishwa na biashara ya makala. Kumbe gunia linaloingia mjini juu ya chukudu (baiskeli ya mbao ya kusukuma) na yatima tuliyemlilia huenda vimetoka msitu mmoja. Ila gorila anakutazama machoni. Mti ukianguka Virunga, nani Goma anakosa usingizi?

Ndiyo maana sikubali ninaposikia kwamba mama wa Goma anamaliza msitu kwa kutoelewa. Shangazi yangu wa Majengo anaelewa vizuri sana. Anajua kikopo kimoja cha makala kitaivisha sombe (kisamvu) au kitazimikia njiani. Anajua jiko la umeme linadai pesa nyingi kwa mara moja, na yeye hela yake huingia asubuhi na kutoka jioni. Hizo ni hesabu, tena za mtu makini. Tuliosukumwa na machozi ni sisi tunaomhukumu, na machozi yetu hayajawahi kumnunulia jiko.

Umeme wa maji upo: mtambo wa Matebe, megawati 13, ulizinduliwa mwaka 2015 huko Rutshuru. Shangazi aliuhamia, ila si kwa sababu ya hotuba za msitu. Mjukuu wake alikohoa wiki nzima karibu na mbabula, jiko la makala, na shangazi akaogopa. Kisha akampata muuzaji aliyekubali kulipwa kidogo kidogo. Hofu peke yake isingetosha, maana alishawahi kuogopa kabla, akarudi kwenye makala kwa kukosa pesa.

Sasa bugali na chai anapika kwa umeme. Maharage bado ni mbabula, kwa sababu yanakaa motoni nusu siku na mita inakula pesa. Aliniuliza afanyeje. Sikuwa na jibu la kumpa.