Msahafu wa Birmingham haumalizi kesi ya Schacht

Julai 2015 Chuo Kikuu cha Birmingham kilitangaza kwamba karatasi mbili za msahafu wa kale zilizomo katika hazina yake zimepimwa kwa kaboni. Ngozi iliyoandikwa ikaonekana ni ya kati ya mwaka 568 na 645, kwa uhakika wa asilimia 95.4. Mtume Muhammad (S.A.W.) alifariki mwaka 632. Waislamu wengi waliifurahia habari hiyo, nao walikuwa na sababu. Ila tangu wakati huo nimezoea kusikia hoja moja ikirudiwa darsani na mitandaoni: kwamba ngozi ile imewafunga midomo mustashirikina wote, yaani wasomi wa Magharibi wanaoutafiti Uislamu, waliotilia shaka Kurani pamoja na waliotilia shaka hadithi na fiqhi (elimu ya sheria ya Kiislamu), kama Joseph Schacht. Hapo mimi nasita, kwa kuwa kesi ni mbili na ushahidi uliokuja ni wa moja.

Ya Kurani ni nyepesi kueleza. Mwaka 1977 mmoja wa wasomi hao, John Wansbrough, alidai kuwa matini ya Kurani haikutulia ila baada ya karne mbili hivi tangu Hijra. Leo dai hilo lina watetezi wachache sana. Karatasi za Birmingham, vipande vilivyopatikana Sanaa, Yemen, mwaka 1972 Msikiti Mkuu ulipokuwa ukitengenezwa, na maandishi ya Kuba ya Mwamba, Yerusalemu, ya mwaka 72 Hijria, vyote vinavutia upande mmoja. Ni kweli kipimo cha kaboni hupima ngozi wala si wino. Ni kweli pia kwamba msahafu mmoja wa Sanaa una maandishi ya chini yaliyofutwa, yenye maneno na mpangilio wa sura usiolingana na ule wa msahafu wa Khalifa Uthman, unaosomwa leo. Lakini maulamaa wa zamani walikwisha kutaja tofauti za namna hiyo walipoeleza misahafu ya masahaba Ibn Masud na Ubayy bin Kaab. Aliyewasoma hao hakushtuka.

Sharia ni kesi nyingine. Aya za hukumu, kwa hesabu mashuhuri, ni kama 500 tu kati ya 6,236. Sehemu kubwa ya fiqhi imejengwa juu ya hadithi, ijmai (makubaliano ya maulamaa) na kiasi (kulinganisha jambo jipya na lenye hukumu), na hapo ndipo Joseph Schacht alipopiga mwaka 1950. Alisema kadiri sanadi, yaani mnyororo wa wapokezi wa hadithi, inavyokuwa kamili ndivyo inavyopaswa kushukiwa kuwa ya baadaye. Kwa maoni yake, rai za mafakihi wa Iraki na Hijazi zilipachikwa kwanza kwa tabiina (kizazi kilichofuata masahaba), kisha kwa masahaba, mwisho kwa Mtume mwenyewe. Akaongeza kwamba ikiwa watu walibishana juu ya mas'ala na hakuna aliyeitaja hadithi ambayo ingemaliza ubishi, basi hadithi hiyo haikuwapo bado.

Hoja yake ya kwanza, ya sanadi, haifai kudharauliwa. Fungua Muwatta, kitabu cha hadithi na fiqhi cha Imamu Malik, aliyefariki mwaka 179 Hijria (795): fatwa za masahaba na tabiina na amali (desturi) ya watu wa Madina zimejaa, na sanadi zilizokatika hazikumsumbua sana mwenyewe. Miaka 70 au 80 baadaye, kwa Bukhari, mkusanyaji wa hadithi, sanadi kamili ndiyo sharti. Na Imamu Muslim, katika utangulizi wa Sahihi yake, amemnukuu Ibn Sirin, mmoja wa tabiina, akisema kwamba watu hawakuwa wakiulizia sanadi mpaka ilipotokea fitna, vita vya wenyewe kwa wenyewe kati ya Waislamu.

Hoja ya pili, ya kutotajwa hadithi, ni dhaifu. Muhammad Mustafa al-Azami, aliyesoma Cambridge na kumjibu Schacht kitabu kizima, alionyesha kwamba mufti anapojibu swali halazimiki kumwaga kila alichonacho kifuani. Kutotaja si kutokuwa nacho.

Jibu zito zaidi, kwa maoni yangu, lilitoka Ujerumani, na kwa mtu asiye na imani ya kutetea. Mwaka 1991 Harald Motzki aliuchambua Musannaf, mkusanyo wa hadithi na fatwa wa Abdurrazaq wa Sanaa, aliyefariki mwaka 211 Hijria (827). Alitazama mapokezi ya Ibn Jurayj wa Makka kutoka kwa mwalimu wake Ata bin Abi Rabah. Kama Ibn Jurayj alikuwa akizua, Motzki aliuliza, mbona alizua vibaya hivi? Anakiri hana hakika na neno fulani. Anapokea kupitia mtu wa kati maneno ya mwalimu aliyeweza kudai kuyasikia mwenyewe. Mara nyingine anamletea Ata rai isiyokubaliana na yake. Mzushi hajipunguzii hadhi namna hiyo. Basi Ata alisema kweli aliyonukuliwa, na fiqhi ilikuwa ikisomeshwa Makka kabla ya karne ya kwanza kwisha, mapema kuliko Schacht alivyokubali.

Wanaomshangilia Motzki kwa kawaida huishia hapo, na wanakosea. Ata yule yule, katika majibu yake mengi, anatoa rai yake tu. Hadithi za Mtume anazozitaja ni chache. Kwa hiyo Schacht ameanguka kwenye tarehe, na pia kwenye tuhuma ya uzushi wa jumla, lakini picha yake ya mafakihi wa mwanzo waliohukumu zaidi kwa rai haikuvunjika. Motzki ameipa ushahidi mpya.

Kwetu pwani, ambako Minhaj ya Nawawi, kitabu cha fiqhi ya Shafii, imesomeshwa vizazi kwa vizazi na makadhi wamegawa mirathi kwa fiqhi ya Shafii, mas'ala haya yana mfano unaojulikana na kila familia: hadithi isemayo hakuna wasia kwa mrithi. Kurani, sura ya 2 aya ya 180, inaamrisha wasia kwa wazazi na jamaa. Walio wengi katika maulamaa wanasema wasia huo umefutwa kwa aya za mirathi na hadithi hiyo. Ukimwendea Imamu Shafii mwenyewe katika Risala, kitabu chake cha misingi ya fiqhi, utakuta kitu ambacho darsani hupitwa haraka. Anasema hadithi hii imepokewa na baadhi ya watu wa Shamu kwa njia isiyothibiti kwa wajuzi wa hadithi, maana baadhi ya wapokezi wake hawajulikani. Yeye ameipokea kwa sanadi iliyokatika. Anaikubali kwa sababu wajuzi wa vita vya Mtume hawakuhitilafiana kwamba aliisema mwaka wa Fathi ya Makka, na watu kwa jumla wameafikiana juu yake.

Schacht angesema: mnaona, desturi ilitangulia na sanadi ikaja nyuma. Azami angesema: kikundi kizima kupokea habari kutoka kwa kikundi kizima ni ushahidi wenye nguvu kuliko mnyororo wa mtu mmoja mmoja. Mimi naelemea kwa Azami katika hadithi hii, kwa kuwa ugawaji wa mirathi ni jambo la kila msiba na kulizua bila mtu kupinga si rahisi. Siwezi kusema hivyo kwa kila hadithi ya fiqhi. Ata alifariki yapata mwaka 115 Hijria. Kati ya darsa zake na mwaka 11, Mtume alipofariki, kuna miongo kadhaa ambayo mbinu ya Motzki inaigusa kwa shida, na ngozi ya Birmingham haina la kusema juu yake.