Mabomba ya chini ya shamba Kano: kosa lake si mafuriko

Kila mto Nyando unapofurika kwenye tambarare ya Kano, karibu na Kisumu, Kenya, kama ulivyofurika mwaka 2024, wakazi wa Kakola-Ombaka na Kadibo huwanyooshea kidole wakulima wa juu, kuanzia Awasi hadi Chemelil na Muhoroni. Wanasema mwenye shamba huko huyachimbia maji njia ya kumtoka yeye, kisha yanakuja kulala ndani ya nyumba zao. Kwa mitaro ya wazi iliyonyooshwa hadi mtoni, malalamiko hayo yana msingi, kwa kuwa mtaro wa namna hiyo hubeba maji ya juu ya ardhi kwa kasi, pamoja na tope lake. Lakini lawama hiyohiyo hubandikwa pia kwenye mabomba yenye matundu yanayofukiwa karibu mita moja chini ya shamba ili mizizi isikae ndani ya maji. Mabomba hayo bado ni machache kwetu, na naona yanahukumiwa kabla ya kusikilizwa.

Tambarare ya Kano ni udongo mweusi wa mfinyanzi. Mvua za Aprili zikishaujaza, shamba huwa kama debe lililojaa: kila tone jipya linamwagika. Bomba likiyashusha maji ya ardhini hata nusu mita tu, udongo unapata nafasi ya kupokea mvua ya kesho, na maji hayo hutoka taratibu kwa saa nyingi, pengine kwa siku kadhaa. Utafiti uliofanywa Uingereza ulionyesha jambo hili wazi: kwenye mfinyanzi mzito, kilele cha maji yanayotoka shambani kilipungua baada ya mabomba kuwekwa, lakini kwenye udongo mwepesi unaopitisha maji, kilele kiliongezeka. Kwa hiyo ninayoyasema kuhusu Kano asiyachukue mtu akayapeleka kwenye udongo mwepesi wa volkano kule kaunti ya Nakuru. Na mafuriko yenyewe makubwa hushuka kutoka milima ya Nandi, Tinderet na Londiani. Mvua ikishika huko siku tatu mfululizo, ekari mbili za Awasi haziongezi wala kupunguza kitu cha maana.

Mkulima naye tumtazame. Maji yakituama, mizizi hukosa hewa, mahindi hugeuka manjano yakiwa bado yanafika magotini, na bakteria wa kwenye udongo usio na hewa huigeuza nitrojeni ya mbolea kuwa gesi ikaishia angani. Mfuko wa mbolea ya ruzuku wa shilingi 2,500 ambao mkulima huyu aliupangia foleni umepotea bila kulisha mmea wowote, na sehemu ya gesi hiyo, nitrasi oksaidi, inapasha joto dunia kuliko hewa ya ukaa, uzito kwa uzito, zaidi ya mara 200. Anayemwambia aache shamba lake lijae maji kwa ajili ya mazingira hajalipiga hesabu jambo hilo.

Kisha kuna tope. Fosforasi nyingi husafiri ikiwa imeshikamana na chembe za udongo, na Nyando unajulikana kwa kulibeba tope hilo hadi Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria. Ghuba ile haina kina kirefu na imejifunga, maji yake hubadilishana polepole na ziwa kubwa, na rutuba inayomwagika humo hulisha gugumaji na mwani. Wavuvi wa Dunga wanajua maana ya asubuhi ambayo mashua haitoki. Shamba ambalo maji yake huchujika kupitia udongo badala ya kuteleza juu yake hupoteza udongo mdogo zaidi. Faida hii haitajwi kabisa katika mabishano yetu.

Sasa kosa la kweli. Maji yanayotoka kwenye bomba ni meupe, na weupe huo unadanganya. Naitreti, yaani nitrojeni ya mbolea ikiwa katika umbo linaloyeyuka, haishikamani na udongo. Inayeyuka na kwenda popote maji yaendako, na bomba huifungulia njia ya mkato inayokwepa udongo wenye unyevu na mimea ambayo ingeipunguza. Marekani wamelijua hili kwa gharama. Jiji la Des Moines, jimbo la Iowa, lilijenga mtambo wa kuondoa naitreti tangu mwaka 1991, na mwaka 2015 mamlaka yake ya maji ilizishtaki wilaya za mifereji, yaani mamlaka zinazosimamia njia za kutoa maji mashambani, za kaunti tatu. Kesi ilitupwa mwaka 2017, ila naitreti ilibaki mtoni. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 za naitreti kwa lita ya maji ya kunywa, hasa kwa ajili ya watoto wachanga.

Jambo linalonikosesha usingizi zaidi ni nyufa. Udongo wetu mweusi hupasuka wakati wa kiangazi. Ifikapo Februari unaweza kuingiza mkono mzima ndani ya ufa. Mvua za kwanza za Machi hazisubiri udongo ufumbe. Hushuka kupitia nyufa moja kwa moja hadi kwenye bomba bila kuchujwa, na ndio wakati huohuo tunapopanda kwa DAP, mbolea yenye fosforasi nyingi. Hapo hata ile sifa ya kuzuia fosforasi inapungua, kwa sababu iliyoyeyuka hupita. Mjini Toledo, jimbo la Ohio, Marekani, Agosti 2014, watu karibu 500,000 waliambiwa wasinywe maji ya bomba kwa sababu ya sumu ya mwani wa Ziwa Erie, na fosforasi iliyoyeyuka, ambayo sehemu yake hupitia mabomba ya mashamba ya mfinyanzi, ni miongoni mwa vyanzo vya mwani huo. Kisumu nayo hunywa maji ya ziwa, kutoka Dunga.

Bado nasema mabomba yaruhusiwe Kano, kwa masharti. Mdomo wa bomba uwe na kizibo cha kufungwa wiki za kupanda na wakati wa kiangazi, kifunguliwe mvua zikizidi. DAP ifukiwe, CAN, mbolea ya nitrojeni ya kukuzia, igawanywe mara mbili. Maji yamwagwe kwenye bwawa au kwenye matete na mafunjo kabla ya kufika mtoni, na kinamasi cha mdomo wa Nyando kisiguswe kabisa, maana ndicho kichujio cha mwisho. Kwa nusu ekari hakuna anayeweza kumudu haya peke yake. Chama cha watumiaji wa maji cha eneo ndicho mahali pa majirani kukubaliana nani anamwaga wapi.

Na sampuli za visima vifupi na za mto zichukuliwe kabla bomba la kwanza halijafukiwa, kiangazi na masika. Vyoo vya shimo navyo hutoa naitreti, hasa vikifurika, na bila vipimo vya awali hakuna atakayeweza kutenganisha cha choo na cha shamba.