Bahari Iko Pale, Wewe Waitaka Sebuleni

Mtu anaishi Mombasa. Akifungua dirisha anainusa bahari, na bawaba za mlango wake zimeliwa na chumvi mpaka zinalia. Halafu huyohuyo anakwenda dukani kununua chumvi ya bahari, imekuja na meli kutoka ng'ambo, ili akoroge bahari yake mwenyewe afugie samaki na matumbawe. Haya, tumekubali. Ila kabla fundi hajakata kioo, tupige hesabu.

Tangi la sentimita 180 kwa 60 kwa 60 linameza lita 648. Maji peke yake ni kilo 660 na ushei. Kioo cha milimita 15 kinakaribia kilo 150. Weka mawe, mchanga na meza ya kulibeba, tani hiyo. Ukikaa Mji wa Kale, ghorofani, sakafu ya boriti, tangi hilo utalinunua wewe lakini litakaa kwa jirani wa chini.

"Si uchote tu pwani?" Mjomba hakosekani wa kusema hivyo. Chota, mjomba, ila si hori la Tudor linakoshukia maji machafu, wala karibu na kivuko cha Likoni. Yatakiwa maji ya nje ya mwamba, bahari imejaa, tena si wakati wa masika mvua inaposhusha tope. Ni mitungi 32 ya lita 20, na mwenye tuktuk akiuona wa kumi atakumbuka ana safari nyingine. Na jiwe la kupambia usiokote kwenye Hifadhi ya Bahari ya Mombasa. Pale ni marufuku kutoa kitu, na hifadhi ipo tangu 1986, usiseme hukuambiwa.

Basi unarudi kwenye chumvi ya duka: gramu 36 hivi kwa lita, kilo 23 za kuanzia. Nayo ina maringo, haitaki maji ya kisima wala ya mfereji. Yataka yaliyopita kwenye chujio la membreni, utando wenye vitundu vidogo mno, hadi mita ya kupima vilivyoyeyuka majini isome sufuri, na chujio likikupa lita moja linamwaga tatu. Mitungi 32 imekuwa 128! Mwenye mkokoteni atakupa shikamoo hata kama ni umri wa babako. (Hayo yanayomwagwa kinga, yanafaa kufulia.)

Maji yakishaingia, unafuga mawe. Wiki nne hadi sita, taa inawaka, pampu inazunguka, samaki hakuna, bakteria wanajijenga wapate kuila amonia, ile sumu itokayo kwenye uchafu wa samaki, na nitriti, sumu inayozaliwa na amonia hiyo. Wageni watacheka. Waache. Anayetia samaki kabla amonia na nitriti hazijafika sufuri anapika mchuzi.

Sasa joto, na hapa ndipo Mombasa inapokukomesha. Matumbawe yanataka nyuzi 25 au 26. Kaskazi ikivuma, Februari hiyo, sebule ina 31, na taa na pampu nazo zinaongeza yao. Tumbawe likizidiwa hutema vijimwani vinavyolilisha, likabaki jeupe kama chokaa. Mwaka 1998 bahari yenyewe ilishindwa, matumbawe ya pwani yetu yakapauka na mengi yakafa. Sembuse kitangi chako. Utaambiwa weka feni ipulize juu ya maji. Feni inapoza kwa kukausha, na hewa yetu imeshalowa kama taulo la jana, kwa hiyo inasaidia kidogo na kukuachia bili. Dawa ni mashine ya kupozea. Lakini usiiweke sebuleni! Joto inalolitoa majini inalitapika chumbani, chumba kinapata moto, maji yanapata moto, mashine inakazana tena, na mita ya tokeni inahesabu wala haichoki. Itoe varandani, mipira ipite ukutani.

Maji yatapungua lita tano hadi kumi kwa siku. Yanayoondoka ni maji, chumvi inabaki, kwa hiyo jaza maji matamu yale ya chujio. Yupo mtu nyumbani, mwenye roho nzuri kabisa, atakayejaza ya chumvi "yasipoe ladha". Mfiche ndoo.

Halafu stima ipotee. Pampu ya kwenye tangi la akiba, tangi dogo linalokaa chini ya lile kubwa, inazimika, na bomba lililokuwa likipandisha maji linaanza kuyanyonya kuyarudisha. Kila sentimita moja ya tangi lako ni karibu lita 11. Mdomo wa bomba ukiwa umezama sentimita 10, hizo ni lita mia na kitu zinashuka, na kule chini pana nafasi ya lita 40. Kwa hiyo unatoboa tundu la milimita 5 kwenye bomba, chini kidogo tu ya uso wa maji: maji yakishuka hapo hewa inaingia, kunyonya kunakatika. Kitundu cha bei ya bure, ndicho kifaa pekee katika tangi zima ambacho hakina risiti.

Saa nane za usiku, giza totoro, mkeka umelowa, lesso zote ziko sakafuni. Unamulika bomba kwa simu. Konokono. Yule uliyemleta ale ukoga. Kala, kashiba, kalala juu ya tundu.