Sweta la Profesa

Bosi wetu kule Ujerumani, Profesa, alikuwa hataki kusikia habari za mwanga. Wenzake wote walizisoma kasoro za boroni naitraidi, fuwele ya boroni na nitrojeni yenye matabaka membamba, kwa kutazama mng'ao wake. Yeye alitaka umeme. Kipande unakibandua kwa selotepu mpaka kinabaki nanomita chache, unakipiga ayoni, yaani atomu zenye chaji, ili atomu za boroni ziruke, na kila pengo linabaki na spini yake, yaani usumaku mdogo wa elektroni zake. Leza ya kijani ing'oe elektroni, mkondo upite, kisha mawimbi ya gigahezi 3.48 yakiigusa spini, mkondo ubadilike kidogo. Mkondo wenyewe ni wa pikoampea, sehemu za trilioni za ampea. Yaani umeme wa kuombea dua.

Usiku mmoja wa Januari mstari wa mkondo kwenye skrini ukaruka. Profesa akaja mbio, ukaruka zaidi. Akaenda kuchukua kahawa, ukalala. Akarudi, huo, juu!

"Ndugu yangu," akaninong'oneza mwenzangu wa Mombasa, "hiki kitu kimempenda mzee."

Tukaleta sumaku. Spini ya kweli ingehama megahezi 28 kwa kila militesla. Hii haikujali hata kidogo.

"Fizikia mpya!" Profesa akashika kalamu, akaanza kuandika kichwa cha makala ubaoni. Alikuwa amefika neno la nne mwenzangu alipokohoa.

"Samahani, Profesa. Leza imezimwa."

"Tangu lini?"

"Tangu mchana. Na jenereta ya mawimbi pia."

Kalamu ikabaki hewani. Mwenzangu, ambaye macho yake hayakutoka kwenye sweta la sufu la Profesa, jekundu, lenye kulungu kifuani, akamwomba alivue. Mzee akazunguka meza na fulana yake: mstari kimya. Sweta likatundikwa kwenye mpini wa ufagio, likapungwa karibu na waya usiokingwa: mstari ukacheza chakacha. Hewa ya hita ni kavu, sufu ikisuguana inajaa chaji, na chaji ikisogea mbele ya waya inazisukuma elektroni za ndani. Kwa mita ya pikoampea, hayo ni mafuriko.

Nilitegemea mzee atanuna. Kumbe uso umemng'aa kama mtoto wa Idi. Sweta alifumiwa na mama mkwe, na kila Jumapili huulizwa kama analivaa kazini.

"Niandikieni barua rasmi ya kulipiga marufuku," akasema. "Mhuri usisahaulike."