Kofia ya Mjerumani isiyo na jasho mi siitaki

Nianze na swali lenu kabla hamjaniuliza maana nshaulizwa na kila mtu: we mswahili wa Tanga, unakaa Leipzig, unakusanya kofia za manazi, kichwa kiko sawa kweli? Kiko sawa. Ninazo kumi na moja, zimekaa kabatini, hakuna hata moja iliyowahi kupanda kichwani kwangu, na mgeni akijaribu kuvaa ili apige picha namnyang'anya hapohapo, chai yake akamalizie ngazini.

Ugomvi wangu ni na wakusanyaji wenzangu. Wao wanataka kofia safi, kama imetoka kwa fundi jana, ngozi ya ndani inang'aa, nondo hajagusa, na hapo ndo wanamwaga hela. Wamekosea kabisa. Kofia ya miaka tisini isiyo na doa la jasho, au haikuvaliwa na mtu au ni feki, na ukibahatisha feki utapatia mara nyingi tu.

Naongea kwa uchungu maana nilipigwa. Ya kwanza kununua ilikuwa kepi ya SA, wale vijana wa mashati ya kahawia wa Hitler, umbo lake limeigwa kwenye kofia za jeshi la Austria, mbele vifungo viwili, juu rangi ya kuonyesha mvaaji katoka kundi la mkoa gani. Muuzaji pale gulioni mzee mpole kweli, kabandika kistika juu ya swastika kama wanavyofanya wengi huku, maana kifungu cha 86a cha sheria ya jinai ya Ujerumani hakitaki mchezo, ukizionyesha zile alama ovyo hadharani unaweza kula hadi miaka mitatu jela. Ndani kulikuwa na lebo ya RZM, ile ofisi ya chama iliyokuwa inaamua nani anaruhusiwa kushona sare zao, na namba ya mshonaji juu yake. Nikasema hii ndo yenyewe. Nimefika nyumbani nikazima taa, nikaimulika na ile tochi ya zambarau ya kukagulia noti, aisee nyuzi zikawaka nyeupe peee, na lebo nayo ikawaka! Uzi wa enzi zile hauwaki hivyo, zile dawa za kung'arisha nguo zinazowaka kwenye mwanga huo zimekuja kuenea baada ya Vita ya Pili. Jumapili iliyofuata nikamfuata mzee wangu mpole, meza yake anauzia mwanamke vikombe.

Tangu siku ile beji naangalia mwisho. Kwanza nageuza ndani, nanusa, naangalia ule mkanda wa ngozi unaokaa kwenye paji, kama mbele umeiva mweusi kuliko nyuma basi kuna kichwa kilikaa humo. Ninayo moja ya RAD, lile jeshi la kazi ambalo kwa sheria ya 1935 vijana walilazimishwa kulitumikia miezi sita, wanaandamana na sepetu begani mahali pa bunduki. Kofia yenyewe juu imebonyea katikati hadi waliokuwa wanaivaa wakaiita tako lenye mpini, wazee mnisamehe, ndo jina lake hilo. Yangu ni saizi 54. Hicho ni kichwa cha mtoto. Ngozi imepasuka kwa jasho, kuna jina kwa penseli ambalo sitaliandika hapa, na kila nikiishika nawaza huyu dogo alikuwa bado hajaota hata ndevu. Mwenzangu mmoja aliniambia ile ni takataka, haina thamani. Sawa.

Sasa kuna jambo ambalo watu wa nyumbani wengi hawalijui. Yale mashati ya kahawia yanatuhusu. Ulibaki mzigo wa mashati yaliyoandaliwa kwa ajili ya wanajeshi wa Afrika Mashariki ya Kijerumani, Vita ya Kwanza ikaisha mzigo haujasafiri, na mwaka 1924 jamaa anaitwa Gerhard Roßbach akaupata huko Austria, SA ikavikwa. Walikuwa wanayaita mashati ya Lettow, yaani Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani yuleyule aliyekimbizana na Waingereza kule kwetu mpaka Novemba 1918. Kwa hiyo mtu akiniambia haya mambo ni ya wazungu wenyewe kwa wenyewe, namwangalia tu.

Na hapo ndo nakuja kwenye kofia ninayoitaka na sina, tarbushi ya askari, wale Waafrika waliopigana upande wa Mjerumani, yenye kitambaa cha kaki, pazia la kufunika shingo na tai wa chuma mbele. Niliiona moja mtandaoni, maelezo mistari minne mizima kuhusu yule tai, kuhusu aliyeivaa neno moja: mwenyeji. Wakati mmoja wao anajulikana vizuri! Bayume Mohamed Husen, kazaliwa Dar es Salaam 1904, kaingia vitani mtoto wa miaka kumi, 1929 kaenda Berlin kudai mshahara wake na wa baba yake, wakamwambia umechelewa. Akabaki, akafundisha Kiswahili chuoni, akavaa sare na tarbushi kwenye mikutano ya waliotaka makoloni yarudi, picha ya 1934 ipo. Mwaka 1941 wakamkamata kwa kosa la kuwa na mwanamke wa kizungu, akafia kambi ya mateso ya Sachsenhausen Novemba 1944. Jiwe la kumbukumbu lenye jina lake lipo Berlin, Brunnenstraße 193, nimeshaenda, dogo mno, ukiwa na haraka unalikanyaga.

Juzi nikampigia video mjomba wangu wa Tanga, kaiona ile ya RAD nyuma yangu.

"Hiyo kofia ya nani?"

"Shikamoo mjomba. Ya kijana mmoja wa Kijerumani, wa zamani."

"Marahaba. Alirudi kwao?"

"Sijui mjomba."

Akanyamaza, akasogeza miwani. "Hebu igeuze ndani nione."

Nikaigeuza, nikaisogeza karibu na kamera.