Ufupi wa farasi wa Baol si kasoro

Wengi wanaomwandika M'Bayar, farasi mdogo wa Baol nchini Senegal, humtaja kuwa mzao wa Barb, farasi wa Afrika Kaskazini, aliyedumaa kwa jua na malisho haba. Damu ya Barb imo, sina ubishi, na hata neno la Wawolofu, watu wa Senegal, la kumwita farasi, fas, linatokana na Kiarabu kama farasi wetu. Ninachokikataa ni huko kudumaa.

Al-Bakri, mwanajiografia Mwarabu wa Andalusia, alipoandika mwaka 1068 kuhusu dola ya kale ya Ghana (si nchi ya Ghana ya leo), alisema kwamba farasi wa huko walikuwa wafupi sana. Karne nne baadaye, mwaka 1455, Alvise Cadamosto, mfanyabiashara na baharia wa Venisi, alifika Cayor, jirani ya Baol, akakuta farasi mmoja na matandiko yake akibadilishwa kwa watumwa 9 hadi 14. Akaongeza kuwa farasi walioletwa kutoka nje hawakudumu kwa sababu ya joto. Bei hiyo inatisha, lakini pia inafichua jambo: farasi wakubwa walikuwa wakinunuliwa, wakifa, wakinunuliwa tena, ilhali aliyebaki kuzaliana ni yule ambaye nchi yenyewe iliweza kumlisha.

Mtazame M'Bayar akiwa kazini. Kimo chake begani ni kama mita 1.35, kifua kipana, shingo fupi nene, miguu mifupi yenye mifupa mizito. Mvua za kwanza zinapoanza kunyesha, mtoto humshika hatamu na kumwongoza shambani akivuta mashine ya kupandia karanga, baba akiifuata nyuma. Baada ya mavuno huvuta mkokoteni kwenda sokoni. Chakula chake ni majani makavu ya karanga alizosaidia kupanda, na uwele kidogo ukipatikana.

Leo wafugaji wanavutiwa na mbio za farasi, na majike mengi yanapandishwa na madume marefu ya kigeni ili yazae watoto wenye kasi. Siwalaumu, kwani mshindi wa mbio huuzwa ghali. Hata hivyo M'Par, aina nyingine ya farasi, wa Cayor, mfupi kuliko M'Bayar, amekwisha kuwa adimu, na sioni ni nini kitakachomzuia M'Bayar kumfuata. Kama ningekuwa na jike huko Baol, kabla ya kuuliza dume lina kimo gani ningeuliza linakula nini mwezi wa Mei, wakati ghala la majani ya karanga linapokaribia kwisha na mvua bado hazijafika.