Mateso hufungua mdomo, lakini ukweli je?

Wanaotetea mateso katika mahojiano wana hoja nzito: bomu limetegwa, mtuhumiwa anajua lilipo, muda unayoyoma. Ukimhurumia yeye, wasio na hatia watakufa. Hoja hii haifai kupuuzwa. Mwaka 2002 huko Frankfurt, Ujerumani, naibu mkuu wa polisi aliamuru mtekaji wa mtoto atishiwe mateso. Kitisho tu kilitosha, akaonyesha mahali mtoto alipo. Mtoto alikuwa amekwisha kuuawa, lakini polisi hawakulijua hilo, na mzazi yeyote anamwelewa afisa yule. Mimi pia namwelewa.

Ila tuangalie kwa nini kitisho kile kilizaa matunda. Polisi walikuwa na hakika na mtu wao, kwani walimwona akichukua fedha za kikombozi, na jibu lake liliweza kuhakikiwa papo hapo. Kazi ya ujasusi ni nadra kuwa hivyo. Ibn al-Shaykh al-Libi, mtuhumiwa wa ugaidi, alikamatwa mwaka 2001, Wamarekani wakampeleka Misri. Alipobanwa huko alidai kuwa Iraki iliwafundisha al-Qaeda matumizi ya silaha za kemikali na za kibiolojia. Februari 2003 Colin Powell, waziri wa mambo ya nje wa Marekani wakati huo, akalipeleka dai hilo mbele ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, na mwezi uliofuata Iraki ikavamiwa. Mwaka 2004 al-Libi akalikana: alikuwa amewapa walichotaka kusikia ili wamwache. Anayehoji kwa mateso hana namna ya kutofautisha kilio cha kweli na cha uongo, na kosa lake hulipwa na watu wasiomjua.

CIA, shirika la ujasusi la Marekani, imeshikilia kwamba mbinu zake za mahojiano ziliokoa maisha. Ripoti ya kamati ya Seneti ya mwaka 2014 ilizichambua kumbukumbu zake yenyewe ikakataa. Abu Zubaydah, mfungwa wa CIA, alimwagiwa maji usoni hadi kuhisi anazama mara 83 katika Agosti 2002. Habari kwamba Khalid Sheikh Mohammed ndiye aliyepanga mashambulizi ya Septemba 11 alikuwa ameshaitoa kabla ya hapo, kwa maafisa wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani, waliomuuguza majeraha na kuzungumza naye.

Kwangu, marufuku ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya mateso wa 1984, usiokubali kisingizio cha vita wala hali ya hatari, ibaki bila mwanya. Afisa atakayeuvunja kwa uchungu wa mtoto akajieleze mahakamani. Yule wa Frankfurt alitiwa hatiani, akapewa onyo na faini ambayo angeilipa endapo tu angerudia kosa.